Picha na Deni

Hazina iliyofichwa haipitani sana na hazina isiyokuwapo. Kwa miaka mingi sanaa kubwa za dunia zilikuwa chakula cha macho ya wachache: mwenye nauli alizifikia, asiye na nauli alizisikia. Mwezi wa Februari, mwaka 2017, jumba la makumbusho la Metropolitan la New York, lililoasisiwa mwaka 1870, lilifungua mlango mpya. Picha zipatazo 375,000 za vitu vyake ziliwekwa huru katika intaneti, na kila mtu akaruhusiwa kuzichukua, kuzichapa na hata kuziuza pasipo kuomba idhini wala kulipa ada. Tendo hilo ni la ukarimu, na alidharauye hatendi haki.

Lakini je, atoaye picha amemaliza wajibu wake?

Katika jumba hilo imo sura ya mwanamke iliyochongwa kwa pembe ya ndovu katika karne ya 16. Yasadikiwa kuwa ni sura ya Idia, mama wa Esigie, mfalme wa Benin, dola ambayo nchi yake leo imo katika Nigeria. Juu ya utosi wake vimepangwa vichwa vidogo vya Wareno wenye ndevu. Mwaka 1897 majeshi ya Uingereza yaliuvamia mji wa Benin yakateka hazina ya mfalme. Sura hiyo ikatoka kwao, ikapita mikono mingi mpaka ikafika New York. Leo mwanafunzi wa Benin aweza kuitazama katika simu, karibu kuliko mgeni asimamaye mbele ya kioo chake.

Kuona ni jambo moja, kujua ni la pili, na kumiliki ni la tatu. Picha hutoa la kwanza na kusaidia la pili. La tatu hailigusi. Mtu aliyenunua ng'ombe wa wizi, akawagawia jirani maziwa bure, amewatendea wema jirani. Lakini mwenye ng'ombe angali amesimama mlangoni.

Wako wasemao kwamba sanaa ni mali ya wanadamu wote, na kwamba picha yawatosha walio mbali. Neno hilo lina makali pande mbili. Ikiwa picha yatosha, yamtosha pia aliyekishika kitu: na abaki na picha, kitu kirudi kwao. Njia hiyo yapitika, kwa maana mwaka 2021 jumba hilo hilo lilirudisha Nigeria mabamba mawili ya shaba ya Benin.

Hata hivyo, picha hizo zina faida ambayo pengine watoaji hawakuikusudia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kitu kilicholala ghalani bila ya jina hakina wa kukidai. Kikionyeshwa ulimwenguni pamoja na asili yake, mwenyewe hukitambua. Kwa hiyo picha si malipo ya deni. Ni hati yake, iliyoandikwa kwa mkono wa mdaiwa.