Aliyekufungua, je, jasho lako ni lake?



Leo nataka tuongee juu ya mtu ambaye wengi wetu tulisikia jina lake shuleni tukalisahau: Toussaint Louverture. Mwalimu wetu wa historia alituambia tu ya kwamba aliwakomboa watumwa, akafungwa na Napoléon, akafa. Hiyo ni kweli. Lakini kati ya kukomboa na kufungwa kuna jambo ambalo mwalimu hakulisema, nalo linanisumbua kwa sababu linagusa kazi yangu ya ushemasi.

Saint-Domingue ilikuwa koloni ya Wafaransa katika bahari ya Karibi. Leo ni nchi ya Haiti. Kufika mwaka 1789 watumwa walikuwa karibu nusu milioni, na Wazungu hawakuzidi elfu arobaini. Watumwa walilima miwa na kahawa mpaka wakafa, na meli zikaleta wengine. Wengi sana walioletwa miaka ile ya mwisho walitoka pwani ya Kongo na Angola. Basi tusisome habari hii kama habari ya watu wa mbali.

Toussaint alizaliwa mtumwa katika shamba la Bréda, karibu na mji wa Cap-Français. Alichunga wanyama, akaendesha gari la farasi la mkubwa wa shamba. Mwaka 1776 alikuwa amekwisha kuwa mtu huru, na mwaka 1779 alikodi shamba la kahawa pamoja na watumwa 13. Ndiyo, mmesoma vizuri. Sisemi hivyo ili nimchafue. Nasema ili tujue ya kwamba aliyajua mambo ya shamba kubwa pande zote mbili, kama mtu wa chini na kama mtu wa juu.

Agosti 1791 watumwa wa kaskazini walisimama, wakachoma mashamba. Toussaint alijiunga nao, akawa jemadari. Mwaka 1793 mjumbe wa Ufaransa alitangaza uhuru kaskazini, na tarehe 4 Februari 1794 Paris ikafuta utumwa katika makoloni yake. Ndipo Toussaint akaja upande wa Wafaransa. Mwaka 1798 Waingereza waliotaka kuiteka nchi wakaondoka. Mwaka 1801 kisiwa kizima kilikuwa mkononi mwake.

Sasa sikilizeni alilolifanya. Oktoba 1800 alitoa amri: kila mkulima arudi katika shamba alimokuwa, asitoke bila ruhusa, na ashikwe kwa sheria kama ya askari. Wakulima walipewa robo ya mavuno, na kiboko cha zamani kilikatazwa, lakini fimbo nyingine zilibaki. Februari 1801 alikataza kuuza udongo kwa vipande vidogo: chini ya karo 50, yaani hektari zaidi ya 60, hairuhusiwi. Nani aliyetoka utumwani jana angeweza kununua hektari 60? Na katiba yake ya Julai 1801, ile ile iliyosema utumwa umefutwa milele, ilimfanya gavana mpaka kufa kwake, tena ikampa njia ya kuleta wakulima wapya kutoka nje. Wakulima wale wangetoka wapi, wapendwa, kama si Afrika, ndani ya meli zile zile?

Tusimhukumu haraka. Toussaint alijua ya kwamba Wazungu wanaweza kurudi. Bunduki na baruti zilitoka kwa wafanyabiashara wa Marekani, na hao hawakutoa kitu bure. Walitaka sukari na kahawa. Kama kila mtu atalima chakula chake mlimani, nani atalipa baruti? Na kama baruti haiko, minyororo itarudi. Hesabu hii haikuwa ya mtu mjinga. Kweli walirudi: Februari 1802 alifika jemadari Leclerc, shemeji ya Napoléon, na maelfu ya askari.

Lakini wakulima nao walikuwa na hesabu yao. Kwao uhuru haukuwa karatasi. Ulikuwa shamba dogo, nyumba, mke na watoto, siku ya soko, na hakuna kapita mlangoni asubuhi. Oktoba 1801 walisimama tena kaskazini, safari hii kinyume cha Toussaint. Jemadari wa upande ule alikuwa Moyse, ambaye Toussaint alimwita mtoto wa ndugu yake. Moyse hakupenda kuwatumikisha watu kwa nguvu. Toussaint alisema yeye ndiye aliye nyuma ya fujo, na mwezi wa Novemba Moyse akapigwa risasi. Leclerc alipofika miezi mitatu baadaye, wengi ambao zamani wangemfia Toussaint hawakuinuka. Mei 1802 aliacha vita. Juni akakamatwa kwa hila, akapelekwa Ufaransa. Alikufa tarehe 7 Aprili 1803 katika ngome ya Joux, milimani penye baridi. Mfungwa anayefia mbali na watu wake, sisi wa Kongo hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Uhuru ulikuja yeye akiwa hayupo. Habari zilipofika ya kwamba Wafaransa wanarudisha utumwa katika kisiwa cha Guadeloupe, nchi nzima iliwaka, na tarehe 1 Januari 1804 Dessalines alitangaza Haiti. Kumbukeni na Sans-Souci, mzaliwa wa Afrika. Yeye na watu wake waliendelea kupigana milimani wakati majemadari wakubwa, Dessalines akiwa mmoja wao, walipokuwa bado wanatumika pamoja na Wafaransa. Watu wale wa milimani, ambao Toussaint aliogopa wataacha kazi, ndio walioshika vita viliposhindwa na wakubwa.

Wahubiri wengine humlinganisha na Musa, kwa sababu hakuingia katika nchi aliyoongoza watu kwenda. Mimi namwona zaidi katika habari ya Rehoboamu, 1 Wafalme 12. Israeli hawakukataa kumtumikia mfalme. Waliomba mzigo upunguzwe. Wazee walishauri asikie. Hakusikia, na makabila kumi yakaenda zao. Kwa maoni yangu, kuomba kazi hakukuwa kosa la Toussaint. Kosa ni kwamba hakuwauliza. Angeweza kuwaita akawaambia: hatari ni hii, baruti inagharimu hivi, tugawane siku, hizi za baruti, hizi za mashamba yenu. Labda wangekataa. Lakini aliuona uhuru kama kitu alichowapa yeye, kwa hiyo akafikiri anaweza kuwashikia. Na wao walikuwa wameuchukua kwa mikono yao Agosti 1791, yeye akaja nyuma yao.

Nimesema jambo hili linagusa kazi yangu. Katika parokia yetu tunalima shamba la kanisa kila juma, na mimi ndiye ninayeshika daftari la wasiofika. Asiyefika mara tatu anaitwa mbele ya wazee, na kuna malipo. Shamba ni la lazima. Ndilo linalolisha wagonjwa na wajane. Mwezi uliopita nilimwita mama mmoja mzee aliyekosa mara nne. Hakukasirika. Aliniambia: “Mwanangu shemasi, nilikuwa mtoto wakati wa pamba. Kapita wa pamba naye alikuwa na daftari. Naye alisema ni kwa faida yetu.”

Nilimjibu ya kwamba hii ni kazi ya Mungu. Akaniuliza: “Mlituuliza siku gani?”

Nilitafuta katika akili yangu siku ile, sikuiona. Siku ya shamba na malipo viliamuliwa na sisi mashemasi, jioni moja, watu saba ndani ya chumba. Nimewaomba wazee tuitishe mkutano wa waamini wote, mama wakiwamo, mbele ya majira ya kupanda. Wengine wanaogopa ya kwamba tukiuliza, shamba litabaki majani. Mimi pia naogopa hivyo. Daftari bado liko kwangu, na jina la mama yule sijalifuta.