Fundi, Mwanafunzi na Macho ya Kuazima

Ufundi hupokewa kwa mkono. Jambo hili halina ubishi kwa maseremala, wahunzi na waunda majahazi. Kijana hukaa karibu na fundi, humshikia ubao, humpa keekee, hukemewa na kusifiwa, na miaka ikipita mikono yake huwa na akili. Lakini uko ufundi ambao chombo chake cha kwanza ni jicho. Atakaye kuandika na kuongoza filamu hana budi kujifunza kwa waliomtangulia. Je, hupokea kwao ufundi tu, au hupokea na macho yao pia? Na kama amepokea macho, aweza kwa haki kuiita kazi yake kuwa ni yake?

Kwa Mwafrika swali hili lina uzito wa pekee. Amri ya mwaka 1934, ijulikanayo kwa jina la waziri Laval, ilimtaka kila aliyetaka kupiga filamu katika makoloni ya Ufaransa barani Afrika apate kwanza idhini ya serikali. Vyombo vilikuwa mikononi mwa wageni, na mafundi walikuwa wageni. Aliyetaka kujifunza alilazimika kubisha hodi katika nyumba isiyo yake.

Ousmane Sembène alibisha. Alizaliwa Ziguinchor, Senegali, mwaka 1923, mwana wa mvuvi. Alikuwa kuli katika bandari ya Marseille, akaandika riwaya yake ya kwanza iliyotoka mwaka 1956, akapata jina. Hata hivyo aliona kwamba watu alioandika habari zao wengi wao hawakuweza kusoma Kifaransa cha vitabu vyake. Basi karibu na umri wa miaka arobaini alikwenda Moscow, akawa mwanafunzi wa Mark Donskoy katika studio ya Gorky. Mwandishi mwenye sifa kukaa tena mkekani kama mtoto wa chuo! Yamkini wengine wataiona adabu hiyo kuwa ndogo. Mimi naihesabu kuwa nusu ya elimu.

Donskoy alikuwa ametengeneza, kati ya mwaka 1938 na 1940, filamu tatu juu ya maisha ya Maxim Gorky, mtoto aliyekulia katika umaskini. Sembène aliporudi alitoa *Borom Sarret*, mwaka 1963, filamu ya dakika zipatazo 20, inayomfuata mwenye gari la farasi siku moja mjini Dakar. Huruma kwa mnyonge imo, na si vigumu kusema ilikotoka. Lakini mnyonge huyu humpita mwombaji bila kumpa kitu, kisha humpa mapato yake msifu nasaba aliyemkumbusha ukuu wa mababu. Na jioni gari lake hushikwa na polisi katika mtaa wa wakubwa. Jicho linalomwona maskini akimdharau maskini mwenziwe, kisha likaendelea kumpenda, halikuazimwa Moscow. Hilo ni jicho la mtu aliyekaa kwao.

Nimesema halikuazimwa. Lakini huenda lilinolewa huko, na kunoa si kuazimisha. Tofauti hii yaonekana zaidi kwa Wajapani. Kurosawa Akira alianza kazi ya usaidizi mwaka 1936, na mwalimu wake mkuu alikuwa Yamamoto Kajirō. Yamamoto alimtaka aandike miswada, kwani aliamini kuwa asiyejua kuandika mchezo hawezi kuuongoza. Katika filamu ya *Uma*, ya mwaka 1941, sehemu kubwa ya upigaji alimwachia msaidizi wake. Kurosawa alieleza baadaye kwamba mwalimu huyo alikubali hata kuziacha katika filamu zake sehemu walizopiga wasaidizi kwa upungufu, kisha huwaonyesha pale palipofaa kufanywa vingine.

Hapa pana jambo la kubishaniwa. Mtazamaji aliyelipa kiingilio hakulipia masomo ya msaidizi, naye mchezaji aliyetoa jasho lake alistahili kupigwa picha vizuri. Je, mwalimu ana ruhusa ya kulipa ada ya mwanafunzi kwa mali ya watu? Nakubali kwamba hana ruhusa kamili. Lakini naona kwamba aliyelipa zaidi ni yeye, maana jina lililoandikwa juu ya filamu lilikuwa lake. Fundi anayesahihisha kila kosa kabla halijaonekana huilinda heshima yake, na mwanafunzi wake hubaki mikono tu.

Msomi wa Kiswahili anayo sababu yake ya kuujali mswada wa filamu. Lugha yetu ni tajiri wa maneno ya moyoni: alihuzunika, alijuta, moyo ulimdunda. Mswada hauyakubali. Mwandishi hulazimika kuuliza: huzuni hiyo itaonekana wapi? Katika filamu ya Sembène ya mwaka 1966, *La Noire de…*, mtumishi wa Kisenegali huwapa mabwana zake kinyago. Kinyago hutundikwa ukutani Ufaransa. Yeye hukitwaa tena. Baada ya kifo chake hurudishwa Dakar, na mtoto hukivaa na kumfuata yule bwana nyuma nyuma mpaka aondoke. Kitu kimoja cha mti kimebeba utumwa, hasira na hukumu. Namna ya kupeleka kitu toka mkono hadi mkono mwalimu aweza kuifundisha. Kwamba kitu hicho kiwe kinyago, wala si saa wala barua, hawezi.

Tangu mwaka 2004 iko Kampala shule iliyoanzishwa na mwongozaji Mira Nair, yenye jina la Kiswahili, Maisha, ambamo vijana wa Afrika Mashariki huandika na kupiga filamu wakiongozwa na mabingwa, baadhi yao kutoka mbali. Sioni aibu katika ugeni wa mabingwa hao. Ningependa tu kuketi nyuma ya darasa siku ile bingwa anaposema, “Mimi ningeikata hapa,” nione kijana anainamia wapi: kwenye mkasi, au kwenye picha yake aitazame mara ya pili.