Tenda, Tendua

Lugha yetu ina ujanja ambao hatuuoni kwa kuuzoea. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Panga, pangua. Unageuza kidogo tu pale mwishoni, na kazi yote inarudi ilikotoka. Lakini jaribu kwa sema. Semua? Hakuna. Wazee walijua nini cha kuacha nje.

Watu wa kompyuta wakatuletea tendua, nami nikaipokea kwa mikono miwili. Naandikia katika Vim, programu huria ambayo Mholanzi Bram Moolenaar aliitoa mwaka 1991 na kuilea mpaka alipofariki Agosti 2023. Iliyoitangulia, vi ya Bill Joy, ilikuwa na tendua bahili: ukibonyeza u, badiliko la mwisho linaondoka, ukibonyeza tena, linarudi lile lile. Basi. Moolenaar akaongeza hatua nyingi, na mwaka 2006, katika toleo la 7.0, akaifanya historia ya maandishi kuwa mti: ukirudi nyuma ukaandika kingine, ulichokiacha hakipotei, kinabaki tawi. Mwaka 2010, toleo la 7.3, mti wenyewe ukaweza kuhifadhiwa diskini. Unafunga faili leo, unalifungua mwezi ujao, u bado inafanya kazi. Hii haiji yenyewe, lazima uiwashe. Nami kwa uroho nikaiwasha.

Niliandika hadithi yenye aya moja kuhusu kaka yangu, jambo ambalo hapa sitalitaja. Akaisoma. Hakugomba. Akasema tu, "Dogo, hii itoe." Nikaitoa mbele ya macho yake. Wiki tatu baadaye binamu yetu akakaa kwenye mashine yangu, akaifungua hadithi, akaichezea u kama mtoto na swichi ya taa, aya ikarudi nzima na nukta zake. Akaisoma kwa sauti. Kaka yuko mlangoni.

"Si ulitoa?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo ninapokwama. Nilijitetea eti ni mtambo. Uongo mtupu, mtambo ulifanya nilichouamuru. Waandishi tunaipenda tendua kwa kuwa inatupa moyo wa kukata sentensi tunayoionea fahari bila mkono kutetemeka, na faida hiyo siibezi hata kidogo. Ila nikifuta kwa ajili yangu, akiba ni yangu. Nikifuta kwa sababu mtu kaniomba, hiyo akiba ni ya nani? Mshkaji mmoja alinibana: "Kwani kichwani umeisahau?" Sijaisahau, kweli. Lakini kichwa changu binamu hawezi kukifungua.

Halafu kuna hili. Mwaka 1994 Moolenaar alikwenda kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, kwenye watoto waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI. Kwa miaka mingi programu yake ikifunguliwa tupu ilituomba mchango kwa ajili yao. Nimeupita ujumbe ule mara ngapi, sijui. Yaani aliyetupa njia ya kurudi nyuma alikuwa ameishi mahali ambapo nyuma hakurudiki.

Jana nilikwenda kwa kaka. Nikamwambia faili la historia nimelifuta, na ile swichi nimeizima. Akatikisa kichwa, akamimina chai.

"Na kopi nyingine?"

Nikanyamaza. Hadithi nilikuwa nimempa mtu aisome, kabla ya kumwonyesha yeye.