Mizani Mbili kwa Wingu Moja

Katikati ya Januari, saa nne za usiku, toka nje pale Kasongo ukatazame juu. Karibu na utosi utaona nyota tatu zilizojipanga mstari, za kundi lile ambalo kitabu cha Ayubu kinaliita Orioni. Kando yake lipo doa hafifu kama moshi. Ni wingu la gesi ing'aayo, na nuru yake imesafiri miaka 1,300 hivi kabla ya kutufikia. Wataalamu wanasema ndani yake mna oksijeni. Kijana mmoja wa mafundisho aliniuliza: “Mwalimu, nani alikwenda kuionja? Si uongo huo?”

Swali lake ni la haki. Nilimkumbusha vijana wanaochoma nyaya za umeme ili wapate shaba. Miali hugeuka kijani, na mwenye kujua hutambua shaba asijeigusa. Vivyo hivyo kila gesi ing'aayo ina rangi zake, na kioo cha pembe tatu huzitenga. Tarehe 29 Agosti 1864, Mwingereza William Huggins alielekeza chombo cha namna hiyo kwenye wingu dogo angani, akaona mstari wa kijani. Haukufanana na kitu chochote kilichojulikana duniani, basi wataalamu wakakibuni kitu kipya wakakiita nebuliamu. Walikosea. Mwaka 1927 Ira Bowen wa Marekani alionyesha kuwa ni oksijeni ile ile tunayoivuta puani, ila imepungukiwa elektroni mbili, tena katika gesi nyembamba mno.

Lakini linalonigusa zaidi ni hili. Kiasi cha oksijeni hupimwa kwa njia mbili: kwa mistari yenye nguvu, kama ule wa kijani, na kwa mingine iliyo dhaifu sana. Njia ya pili hutoa hesabu kubwa kuliko ya kwanza. Katika Orioni tofauti si kubwa. Katika mawingu mengine hufika mara kumi na zaidi, na sababu yake wataalamu wangali wakibishania. Wangeweza kuficha hesabu moja, na nani wa Kasongo angejua? Huandika zote mbili.

Nikamwuliza kijana, ambaye ni mtoto wa mchimba dhahabu wa Kabambare: “Baba yako akipima nyumbani, na mizani ya mnunuzi ikasema pungufu, je?”

Akacheka kidogo. “Ee Mwalimu, kule huandikwa moja tu.”