Jaji Warioba na uzito wa ushahidi

Machi 17, 2014, Jaji Joseph Sinde Warioba alisimama mbele ya Bunge Maalumu la Katiba mjini Dodoma kuwasilisha Rasimu ya Katiba, akakosa nafasi ya kuzungumza. Wajumbe wa upinzani walipiga kelele wakidai kanuni zimekiukwa, na kikao kikaahirishwa. Kesho yake alirudi, akaisoma hotuba yake ndefu hadi mwisho. Safari hii walionuna walikuwa wa upande mwingine, wengi wao wa CCM, chama chake mwenyewe.

Kwangu mimi, siku hizo mbili zinamweleza mtu huyu kuliko vyeo vyake vyote, na vyeo hakupungukiwa. Mtoto huyu wa Bunda, aliyezaliwa 1940, alihitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1966 na kuanza kazi kama wakili wa serikali. Mwaka 1976 akawa Mwanasheria Mkuu, kisha Waziri wa Sheria. Mwaka 1985 Rais Mwinyi alimteua kuwa Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais, akashika nafasi hizo hadi 1990. Baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg, na wa Mahakama ya Afrika Mashariki.

Wanasheria wanaoingia kwenye siasa hapa kwetu ni wengi. Ninachowaona wakibeba mara nyingi ni ufundi wa kubishana. Chama kinageuka mteja, na kazi ya wakili ni kumtetea mteja wake hata akikosea. Ila sheria ina upande wa pili, ule wa kusikiliza kwanza, kuandika kilichosemwa, na kukubali ushahidi unapokuelekeza hata kama hukutaka kufika huko. Warioba aliubeba upande huo. Rais Mkapa alipompa kazi ya kuchunguza rushwa mwaka 1996, ripoti ya Tume yake haikuishia kulaani rushwa kwa jumla. Ilimtenganisha anayepokea kwa sababu mshahara haumtoshi na yule anayepokea kwa tamaa ya kujilimbikizia, ikaonyesha jinsi ugonjwa ulivyopanda hadi ngazi za juu. Mtu aliyewahi kuwa Waziri Mkuu aliandika hayo kuhusu serikali alizozijua kwa ndani.

Mwaka 2012 Rais Kikwete alimkabidhi Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Nilihudhuria mmoja wa mikutano yake ya kukusanya maoni, uwanjani, watu wakiwa wamepanga foleni kwenye kipaza sauti. Mama mmoja muuza samaki, kitenge kimefungwa kiunoni, alisema mbunge akishachaguliwa haonekani tena, basi wananchi wapewe uwezo wa kumwondoa kabla ya miaka mitano kwisha. Karani aliandika. Hakuna aliyemkatiza, hakuna aliyemcheka. Rasimu ilipotoka, haki ya wapigakura kumwondoa mbunge wao ilikuwamo, pamoja na ukomo wa vipindi vitatu vya ubunge.

Jambo lililozua mgogoro, hata hivyo, lilikuwa muundo wa Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Sera ya CCM ni serikali mbili. Tume ilihesabu maoni ya waliozungumzia muundo huo: kwa Bara, asilimia 61 walitaka serikali tatu na asilimia 24 mbili, kwa Zanzibar, asilimia 60 walitaka Muungano wa mkataba. Wakosoaji walijibu kwamba waliougusia Muungano walikuwa sehemu ndogo tu ya wote waliotoa maoni, na hoja hiyo ina uzito, naikubali. Lakini mwenye hoja ya namna hiyo anapaswa kuleta ushahidi wake, apimwe nao. Warioba alileta wake na kuusimamia, akijua fika nani atakasirika.

Ilimgharimu. Novemba 2, 2014, alipokuwa akizungumza kwenye mdahalo wa Taasisi ya Mwalimu Nyerere pale Ubungo, vurugu zilizuka ukumbini. Niliona kwenye televisheni viti vikirushwa na mzee akizungukwa na watu ili atolewe salama. Alikuwa na umri wa miaka 74. Sijawahi kuona aibu kubwa zaidi katika siasa zetu, na hadi leo inaniuma.

Wakati huo Bunge Maalumu lilikuwa limekwishapitisha Katiba Inayopendekezwa. Serikali tatu ziliondolewa. Haki ya kumwondoa mbunge nayo iliondolewa, kadhalika ukomo wa vipindi vyake. Hata kwenye orodha ya tunu za Taifa, uadilifu, uwazi na uwajibikaji havikubaki. Mwaka mzee alipofanyiwa vurugu ndio mwaka maneno hayo matatu yalipotolewa kwenye orodha; sidhani kama naweza kuyatazama mambo hayo mawili kwa kuyatenganisha.

Kura ya maoni ilipangwa kufanyika Aprili 30, 2015. Haikufanyika, na nchi inaendelea kuongozwa na Katiba ya 1977. Ninyi vijana mnaosoma sheria leo mkiota ubunge na uwaziri, itafuteni Rasimu ya Pili ya Desemba 2013 pamoja na hotuba ile ya Dodoma, mzisome mkiwa na kalamu mkononi. Na siku mkipewa ofisi, maoni ya wananchi yakiletwa mezani, yasomeni yote kabla ya kupiga simu makao makuu ya chama.