Nakala Nyingi, Shahidi Mmoja

Mwaka 2022 wataalamu walitangaza habari za vinasaba vilivyotolewa katika mifupa ya watu wa kale, baadhi yao wa pango la Kisese, huko Kondoa. Vinasaba vya mifupa ya namna hii ni haba mno, tena vimekatika vipande. Basi hunakiliwa mara nyingi mpaka vitoshe kusomwa. Lakini kosa la nakala ya kwanza huingia katika zote zitokanazo nayo. Na kipande kisichonakiliwa huwa kana kwamba hakikuwapo. Kwa hiyo mtaalamu mwaminifu hulinganisha nakala za vipande mbalimbali, na pasipo na hakika huacha wazi.

Je, sisi wazee na walimu wa usharika twafanyaje? Mtu mmoja hunong'ona neno juu ya dada fulani; ikifika Jumapili vinywa arobaini vyalisema, nasi twataka kumtenga na Meza ya Bwana. Hao si mashahidi arobaini, ni mmoja tu. Tumwulize yule wa kwanza: Wewe mwenyewe uliona nini? Tusipopata jibu, tuache wazi, wala tusimhukumu.