Gari la Mwenzi na Swali la Kitu Kilekile

Kufufua gari kuukuu la paa la turubai huamsha swali lililowashughulisha wanafalsafa tangu zamani: kitu kikibadilishwa sehemu zake moja baada ya nyingine, je, hubaki kilekile? Swali huwa zito zaidi gari linapokuwa la mke au mume, na mikono inayolitengeneza ikawa ya mwenzake. Hapo kuna vitu viwili vya kuchunguza: gari lenyewe, na mradi wa yule aliyelitafuta akiwa na nia ya kulifufua. Kila kimoja kina namna yake ya kudumu, na kimoja kinaweza kufa ilhali kingine kiko hai.

Mfano mzuri ni MGB, gari dogo la Kiingereza la viti viwili lililoundwa Abingdon kuanzia 1962 hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1980. Injini yake ya silinda nne, yenye ujazo wa cc 1798, ni rahisi kufungua na kufunga, na spea zake bado zinapatikana. Tatizo lake kubwa ni mabati. Gari hili halina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo kiunzi. Kwa kuwa juu hakuna paa la chuma, mzigo wote wa barabara hubebwa na sakafu pamoja na mbavu ndefu zilizo chini ya milango. Mbavu hizo ni tabaka za mabati zenye uwazi ndani. Maji huingia humo yakakosa pa kutokea, na kutu hula kutoka ndani kuja nje, hata rangi ikawa inang'aa juu ya chuma kilichokwisha kuwa unga. Fundi asiyejua akizikata mbavu hizo bila kwanza kuimarisha nafasi ya mlango kwa vyuma vya kushikilia, bodi hulegea katikati, na mlango uliokuwa ukifunga vizuri haufungi tena. Kwa hiyo wazoefu huchomelea huku milango ikiwa mahali pake, wakipima pengo lake kila hatua.

Uozo ukizidi, ipo njia nyingine. Tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikitengeneza bodi mpya kamili za MGB. Mwenye gari anaweza kununua bodi hiyo, akahamishia humo injini, gia boksi, ekseli, viti na namba ya gari, kisha mabati ya zamani yakaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Akimaliza, ana gari gani?

Plutarch, aliyeandika maisha ya Theseus, anasimulia kwamba Waathene waliihifadhi meli ya shujaa huyo kwa muda mrefu, wakitoa mbao zilizooza na kutia mpya, mpaka meli ikawa mfano wa mabishano ya wanafalsafa: wengine walisema ni ileile, wengine walikataa. Thomas Hobbes, katika kitabu chake De Corpore cha 1655, aliukaza mkanganyiko huo. Tuseme mtu aliziokota mbao za zamani zote akaziunga upya kwa mpangilio wake wa kwanza. Sasa zipo meli mbili, nazo haziwezi kuwa zote mbili meli moja. Kwa watengenezaji wa magari ya zamani hilo si zoezi la mawazo. Bodi iliyotupwa na mmoja inaweza kuokotwa na mwingine, ikazibwa viraka na kutiwa injini nyingine, na magari mawili yakadai historia moja.

Serikali na mahakama za Uingereza zililazimika kutoa jibu. Kwa miaka mingi mamlaka ya usajili ya nchi hiyo, DVLA, ilitumia utaratibu wa pointi kwa magari yaliyofumuliwa sana. Bodi ya asili, au mpya ya aina ileile iliyotoka kwa mtengenezaji, ilihesabiwa pointi 5. Usukani, gia boksi, ekseli na springi zilipata 2 kwa kila kundi. Injini ilipata 1 tu. Gari lililofikisha pointi 8 lilibaki na namba yake. Hesabu hiyo ina falsafa ndani yake. Injini, ambayo watu wengi huiita moyo wa gari, ndiyo iliyohesabiwa kidogo kuliko vyote, na bodi mpya ilipata pointi sawa na ya zamani. Aliyebuni utaratibu huo alifuata njia ya Aristotle, pengine bila kukusudia: kinachodumu ni umbo, wala si maada iliyolijaza umbo hilo.

Mahakama Kuu ya London ilifuata njia nyingine mwaka 1990. Kesi ilihusu Bentley iitwayo Old Number One, iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1929 na 1930. Mnunuzi aliyekubali kuilipia pauni milioni 10 alidai kwamba gari si la kweli, maana karibu kila kipande kilikuwa kimebadilishwa. Jaji Otton aliona kwamba vipande vilivyobaki vya miaka ile ni vichache mno. Hata hivyo aliamua kwamba gari ni lenyewe. Historia yake haikukatika, halikupotea wakati wowote, na hakuna gari jingine lililoweza kudai nafasi yake kwa haki. Kwa hukumu hiyo, kinachodumu si maada wala umbo, bali maisha yaliyoendelea bila kukatizwa. Jibu la jaji linashinda la DVLA, kwa sababu linaeleza kwa nini gari lililofanyiwa matengenezo miaka sitini ni gari moja, wakati gari lililoundwa leo kwa michoro ileile ni nakala hata likifanana nalo kila msumari.

Wabudha walilifikia swali hilo kwa chombo cha usafiri hasa. Katika kitabu chao cha Milindapañha, mfalme Milinda anamwambia mtawa Nagasena kwamba amefika kwa gari la farasi. Mtawa anamuuliza: je, gari ni ekseli? Ni magurudumu? Ni jumla ya vyote, au ni kitu kilicho nje ya vyote? Mfalme anakana kila kimoja, na wanakubaliana kwamba gari ni jina linalotumika pale sehemu hizo zinapokutana. Jibu hili ni la kweli, ila linaacha jambo moja bila kuguswa. Jina huhitaji watu wanaolitaja, na watu hao wakigawanyika lazima ijulikane neno la nani linafuatwa.

Historia ya Al-Kaaba inalionyesha jambo hilo kwa uzito wa pekee. Makuraishi waliijenga upya kabla ya utume wa Muhammad na, kwa upungufu wa mali ya halali, wakaacha sehemu iitwayo Hijri nje ya kuta. Abdullah bin Zubair aliijenga tena na kuirudishia sehemu hiyo, jemadari Hajjaj akaiondoa, na baada ya mafuriko, Sultani Murad wa 4 aliijenga upya mwaka 1630. Katika mabadiliko yote hayo Waislamu hawakuona nyumba mpya. Kwao ni nyumba ileile iliyoinuliwa na Ibrahim na Ismail, kwa kuwa mahali, ibada na amana vilipokewa na kizazi baada ya kizazi. Imepokewa pia kwamba khalifa mmoja wa Bani Abbasi alitaka kuirudisha kwenye umbo la Ibn Zubair, naye Imamu Malik akamshauri aiache, isije ikawa mchezo wa wafalme, kila ajaye akabomoa na kujenga apendavyo. Imamu hakudai kwamba umbo la Ibn Zubair lilikuwa na kosa. Alichotazama ni madaraka ya kubadilisha na mipaka yake.

Kwenye gari la mwenzi, mipaka hiyo ndiyo kiini cha mambo. MGB iliyoundwa kuanzia 1974 ilitoka na bampa kubwa nyeusi za mpira na ikainuliwa juu ili kutimiza masharti ya usalama ya Marekani. Wapenzi wengi wa gari hilo huzing'oa wakafunga bampa za kromu za miaka ya nyuma, wakiamini kwamba wanalirudishia uzuri wake; wengine husema kwamba gari la 1976 likivishwa sura ya 1970 limesingiziwa. Mabishano hayo hayana hakimu ndani ya chuma. Yana mwenyewe: yule ambaye gari ni lake. Mke akitaka mpira ubaki kwa kuwa ndivyo lilivyokuwa gari aliloliona utotoni, mume anayejua kuchomelea hana hoja ya kiufundi ya kumpinga.

Ugumu wa mume huyo, au wa mke aliye fundi kuliko mumewe, umeelezwa vizuri na Aristotle katika kitabu cha 9 cha Maadili ya Nikomako. Anasema mtenda wema humpenda aliyetendewa kuliko anavyopendwa naye, kama fundi anavyoipenda kazi yake, kwa kuwa uhai wake umeingia ndani ya kile alichokifanya. Aliyelala chini ya gari miezi kadhaa, vidole vimejaa grisi, huanza kuliona ni lake. John Locke angempa hoja, maana alifundisha kwamba kazi ya mtu, ikichanganywa na kitu kisicho na mwenyewe, humpa umiliki. Lakini gari hili lina mwenyewe. Fikihi ya Kishafii inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki iko wazi zaidi: mali ya mke ni ya mke, kazi iliyofanywa bila mapatano ya ujira haizai dai, na hiba iliyokwisha kupokewa na mwenzi hairudi kwa aliyeitoa.

Kwa hiyo kosa kubwa katika kazi hii si kiraka kibovu, maana kiraka hukatwa kikachomelewa upya. Kosa kubwa ni kulimaliza gari huku mradi ukiuawa. Mwenzi akisafiri wiki mbili na kukuta limepigwa rangi, viti vimeshonwa na injini inanguruma, amepata gari zuri na kupoteza alichokuwa akikifanya. Kant, katika kitabu chake cha maadili cha 1797, aliuweka wajibu wa upendo hapo hasa: kuyafanya malengo ya mwingine kuwa yangu, nikimtendea mema kwa namna anavyoona yeye kuwa ni mema, si kwa namna nionavyo mimi. Gari likiwa ni lengo, msaada wowote unafaa. Lengo likiwa ni kulitengeneza, msaidizi hushika taa, hufundisha namna ya kushika mashine ya kuchomelea, hushikilia bati lisicheze, na humwachia mwenye mradi weldi yake iliyopinda. Pale tu penye hatari, kama mabomba ya breki au mbavu zinazobeba gari zima, ndipo ana haki ya kusisitiza, maana hapo kuna maisha ya mtu.

Linabaki gari ambalo mwenye mradi amefariki kabla ya kulimaliza. Kisheria linaingia katika mirathi kama mali nyingine, na warithi wanaweza kuliuza jinsi lilivyo. Mjane akilipata katika mirathi na kuamua kuliendeleza, anapata umiliki ambao hakuwa nao. Anaweza kubadili rangi, bampa na kila kitu, na gari litabaki lilelile kwa kipimo cha Jaji Otton. Ila mradi wa marehemu utaendelea pale tu uchaguzi wake unapofuatwa: spea alizokwisha kununua zifungwe, na rangi aliyoitaka ndiyo ipigwe. Mjane akichagua vingine hajamdhulumu mtu. Ameanza mradi wake mwenyewe ndani ya gari lilelile.